Barua ya wazi: Mnawalisha watoto wetu msimu wa mavuno, mnawaacha msimu wa njaa

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Mkurugenzi Mtendaji,
Shirika lenye mradi wa elimu, lishe na afya ya watoto katika kata yetu,
Mkoa wa Dodoma.

YAH: RATIBA YA CHAKULA, VIPIMO VYA LISHE NA UGAWAJI WA DAWA KATIKA SHULE ZA MSINGI MNAZOZIFADHILI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaoandika ni kamati za chakula za shule, walimu wa afya na lishe, wapishi, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika vijiji vya mradi wenu. Jina la shirika hatulitaji. Nyinyi mnajijua, na hatupendi mtoto akose makande kwa sababu ya barua ya wakubwa. Yote yaliyomo humu mmeshayapokea kwa maandishi, kwa simu na kikaoni. Jibu limekuwa lilelile: "Tumelipokea, tunalifanyia kazi." Stoo nayo inaisha wakati uleule kila mwaka, ndiyo maana leo tunaandika mbele ya watu.

Sare, madaftari na majiko mliyoleta yanatumika, na tumeshawashukuru mara nyingi. Barua hii inahusu yasiyokwenda.

1. Chakula kinafika mahindi yakiwa tele

Hili ndilo kubwa, na tutakaa nalo.

Chukueni shule ya wanafunzi 600. Sahani moja ya makande yenye maana inataka gramu 120 za mahindi, gramu 40 za maharage, gramu 5 za mafuta na gramu 3 za chumvi. Kwa siku ni kilo 72 za mahindi, kilo 24 za maharage, kilo 3 za mafuta na chumvi isiyofika kilo 2. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwaka mzima basi unataka magunia 140 ya mahindi, ya kilo mia mia, na magunia 47 ya maharage.

Nyinyi mnaleta magunia 80 ya mahindi na 27 ya maharage, kwa mkupuo mmoja, mwezi Julai. Gawanyeni wenyewe: kilo 8,000 kwa kilo 72 ni siku 111. Muhula wa pili unakula kama siku 97, zinabaki 14. Shule ikifunguliwa Januari, makande yanapikwa wiki tatu hazijatimia, kisha masufuria yanafunikwa kifudifudi mpaka Julai nyingine.

Sasa tazameni miezi hiyo kwa jicho la mkulima wa Dodoma. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, tunavuna Mei na Juni. Julai kila nyumba ina kitu kihengeni, hata yule maskini kabisa ana mtama wa kuokolea. Februari kihenge kinagusa sakafu. Palizi imepamba moto, mama ametoka alfajiri na jembe, na mtoto amekwenda shule na maji tumboni. Mlenda umeota kila mahali kwa sababu ya mvua. Mboga ipo tele, ugali wa kuilia ndio hakuna. Huo ndio mwezi ambao jiko lenu limepoa.

Sababu tunaijua. Mwaka wenu wa fedha unaanza Aprili, zabuni inachukua miezi mitatu, lori linapakia Julai. Ni kalenda ya ofisi, na mtoto hana habari nayo.

Pendekezo letu halihitaji gunia hata moja la ziada. Muhula wa kwanza una siku nyingine kama 97, unaotaka kilo 6,984 za mahindi, yaani magunia 70, na magunia 24 ya maharage. Mzigo mnaouleta sasa unautosha na kubakiza. Wekeni chakula chenu Januari hadi Juni. Julai hadi Desemba wachie wazazi: gramu 120 kwa siku 97 ni kilo 11 na nusu hivi kwa mtoto, haifiki hata debe moja, maana gunia letu ni la debe sita. Mzazi aliyetoka kuvuna hashindwi debe. Mzazi huyohuyo ukimdai Februari, mnamfukuzisha mtoto shule.

2. "Tukihifadhi mpaka Januari yataota sumukuvu"

Hivi ndivyo mlivyotujibu kikaoni kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na hofu yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu kama 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na mahindi yanaweza kuonekana mazuri machoni. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo.

Lakini ghala halizalishi sumukuvu lenyewe. Unyevu ndio unaoulisha ukungu unaoizalisha. Mahindi yasiyo na sumukuvu yakiingia stoo yakiwa chini ya asilimia 13.5 ya unyevu, yakakaa bila hewa, yanafika Juni salama. Mzigo wenu wa sasa unaingia bila kupimwa, umeshonwa kwenye viroba vya kawaida, unashushwa juu ya sementi na kuegemezwa ukutani. Kwa namna hiyo hata Septemba ni mbali.

Kinachotakiwa ni hiki. Kwanza, mpokeaji apime kabla ya kusaini. Chupa kavu ya kioo, mahindi kufika theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu. Tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na lori ligeuze. Tahadhari: kipimo cha chupa hakikamati mahindi yaliyo kati ya 13.5 na 15, na hayo ndiyo yanayotudanganya. Kwa hayo inahitajika mashine ndogo ya kupima unyevu, moja tu kwa kata nzima.

Pili, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Kila tabaka la ndani linafungwa peke yake baada ya kukamua hewa. Wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa, hivyo hakuna haja ya dawa ya unga. Shule inapika kilo 72 kwa siku, kwa hiyo unafunguliwa mfuko mmoja tu kwa wakati, mingine haiguswi. Tatu, chaga za mbao chini, na nusu mita kutoka ukutani ili paka na mkaguzi wapite. Nne, mahindi yachaguliwe kabla ya kupikwa: yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na mepesi yanayoelea yatupwe, wala yasipewe kuku. Kazi hiyo wapishi wanaifanya tayari, na kwenye viroba vya mwisho wanatoa ndoo nzima za mahindi mabovu.

3. Unga wa lishe wa mchanganyiko

Mnaleta darasa la awali unga wa mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Kwenye karatasi unapendeza. Kwenye kiroba una matatizo matatu.

Soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri ina kizuizi kinachomzuia mtoto kumeng'enya protini, na soya yenu haielezwi popote kama imepitishwa motoni kabla ya kusagwa. Karanga zikishasagwa, mafuta yake yanaanza kuchacha. Baada ya wiki chache uji unanukia mafuta ya zamani na watoto wanaumwaga nyuma ya choo, tumeuona hapo. La tatu, karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoongoza kwa sumukuvu. Mkivichanganya na kuvisaga, hakuna tena wa kuchagua punje mbaya.

Leteni unga wa nafaka moja uliorutubishwa, na karanga nzima. Wapishi watachagua karanga, watakaanga, watatwanga za siku hiyo tu na kuziweka kwenye uji unapokaribia kuiva. Kwa makande, tunaomba chumvi yenye madini joto iliyo kwenye pakiti zilizofungwa, si ya gunia lililo wazi. Inatiwa mwishoni, kwa sababu moto mrefu na unyevu vinapunguza madini hayo.

4. Vipimo vinavyosema "kijani" kwa mtoto aliyekonda

Timu yenu hupita mara moja kwa mwaka na utepe wa rangi tatu, inapima mkono wa juu wa kushoto, inapiga picha, inaondoka. Ripoti inasema karibu watoto wote wa shule ni kijani. Waheshimiwa, utepe ule ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Nyekundu yake ni chini ya sentimita 11.5, njano ni kutoka hapo hadi chini ya 12.5. Kumvalisha mtoto wa miaka kumi utepe huo ni kama kumpima mtu mzima kwa mzani wa kliniki ya watoto.

Kwa miaka 5 hadi 9, chini ya sentimita 13.5 ni utapiamlo mkali, na chini ya 14.5 ni wa wastani. Kwa miaka 10 hadi 14, mipaka ni 16 na 18.5. Msichana wa darasa la tano mwenye mkono wa sentimita 15.5 kwenu ni kijani safi. Kwa kipimo cha umri wake anatakiwa zahanati leo. Na hata kwa wadogo, utepe pekee hautoshi: bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba sekunde tatu, ukiona shimo limebaki miguu yote, mtoto ana uvimbe wa utapiamlo na anapelekwa bila kujali rangi ya utepe.

Kuna la chakula dawa pia, kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo mkali. Mliwahi kukabidhi maboksi manne, yakagawiwa darasa la awali pakiti moja moja, kama biskuti za sherehe. Boksi lina pakiti 150, pakiti moja ni gramu 92 na kilokalori 500. Mtoto wa kilo 7 anayetibiwa anahitaji kama pakiti 20 kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Maboksi yale manne yangetibu watoto wanne, labda watano, mpaka wapone. Yakaliwa asubuhi moja na watoto wasioyahitaji. Chakula dawa ni dawa: kinatolewa kituo cha afya, baada ya kipimo cha hamu ya kula, na mtoto anarudi kila wiki kupimwa uzito.

5. Dawa za kichocho tumboni patupu

Hapa ndipo makosa ya kwanza yanapozaa mengine. Dawa ya kichocho inatolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, shuleni tunapima kwa urefu, na sharti lake kubwa ni mtoto awe amekula. Asipokula, anapata kizunguzungu, anatapika, analala chini ya mwembe huku wenzake wakimtazama. Hajalishwa sumu, lakini nani atamweleza mama yake?

Ratiba yenu ya kusaidia ugawaji huo imewekwa Februari, wakati jiko mmelifunga. Morogoro mwaka 2008 wazazi walivamia shule kwa sababu ya zoezi kama hili, na uvumi ulienea haraka kuliko gari la daktari. Sisi ndio tunaobaki kijijini baada ya timu kuondoka. Mwaka ambao uji haupo, kila mtoto wa tatu anafichwa nyumbani siku ya dawa, na mhudumu anaitwa muuaji sokoni.

Msigawe dawa siku ambayo hakuna chakula. Uji mzito saa tatu, dawa saa nne. Basi.

6. Jiko na maji

Majiko mliyojenga ni mazuri, ila matundu yake ni ya sufuria la lita 200 na mkaleta masufuria ya lita 100. Pengo kati ya sufuria na ukuta linatakiwa liwe kama sentimita 2; kwetu ngumi inapita. Joto linatoka pembeni, kuni zinaisha, na wapishi wamerudi kwenye mafiga matatu nje. Sahani 600 za nusu lita ni lita 300 za makande, hivyo masufuria mawili ya lita 200 yasiyojazwa mpaka ukingoni yanatosha. Serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa; mtakapokuja na gesi, pimeni sufuria kwanza.

Maji: kupika kilo 96 za nafaka na maharage makavu, pamoja na kuosha na kuloweka, kunataka kama lita 400. Watoto 600 wakinawa kwa nusu lita ni 300 nyingine. Kisima kiko mbali, kwa hiyo lita hizo 700 zinabebwa na wanafunzi kwa vidumu vya lita tano, na wabebaji wakubwa ni wasichana, kipindi cha kwanza kikiwa kinaendelea. Mradi wa elimu unaomtoa msichana darasani akachote maji ya mradi wa lishe una kitu hakijakaa sawa. Matangi mawili ya lita 5,000 na mifereji kwenye paa la madarasa yangesaidia miezi ya mvua, ambayo mingi yake ndiyo miezi tunayowaomba mpike.

7. Picha

Kwa ufupi. Watoto wanapigwa picha wakiwa na namba kifuani, kisha wanaonekana mitandaoni na jina la kijiji na ugonjwa wao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za watoto kuwa nyeti, na idhini ni ya mzazi, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza si idhini. Ziondoeni.

Tunajua mtakachosema

Mtasema fedha zimefungwa na wafadhili, haziwezi kuhamishwa mwezi. Hatujaomba zihamishwe. Nunueni Juni kama kawaida, tena mapema zaidi, kwa wakulima wa hapa hapa, bei ikiwa chini. Kinachohama ni siku ya kufungua mfuko. Mfadhili anayekataa hilo tunaomba mtukutanishe naye, tutamkaribisha Februari.

Mtasema chakula cha shule ni jukumu la wazazi. Ni kweli. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 iliondoa ada, na mzigo wa chakula ukabaki kwa wazazi. Ndiyo maana tumependekeza wazazi wabebe nusu nzima ya mwaka, ile wanayoiweza.

Mtasema hesabu zenu ni za ndani. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali zilizorekebishwa mwaka 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ziwekwe wazi, kwa njia inayowafikia walengwa. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji upo, na misumari tunayo.

Tunayoomba

Moja, chakula cha mradi kipikwe Januari hadi Juni, kuanzia Januari ijayo, na makubaliano ya debe la mzazi yapitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mavuno. Mbili, hakuna gunia kupokelewa bila kipimo cha unyevu na saini ya kamati ya chakula. Mifuko isiyopitisha hewa na chaga zije na mzigo, si baada yake. Tatu, unga wa mchanganyiko usimame. Nne, vipimo vya lishe vifanyike kila baada ya miezi mitatu kwa mipaka ya umri husika, na kila mtoto aliye chini ya mpaka aandikiwe rufaa siku hiyohiyo, jina likabidhiwe kwa mhudumu wa afya wa kitongoji chake. Tano, tarehe ya dawa ipangwe pamoja na wapishi. Sita, masufuria yabadilishwe. Matangi tuko tayari kuyachimbia msingi wenyewe. Saba, picha zishushwe.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye tarehe na jina la cheo kitakachosimamia kila jambo, ili lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Stoo ziko wazi kwa ukaguzi wenu siku yoyote ya masomo; njooni na chupa na chumvi.

Wenu katika kuwahudumia watoto,

Kamati za Chakula za Shule, Walimu wa Afya na Lishe, Wapishi na Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii

Nakala:
Ofisa Mtendaji wa Kata
Ofisa Elimu Kata
Ofisa Lishe wa Wilaya
Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Wilaya
Ubao wa matangazo, ofisi za vijiji